Ufadhili kwa vijana wa Kiyahudi: kambi, chuo na safari za Israeli na Poland. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Oktoba simu yangu haitulii. Anayepiga huenda ni mama wa Kikenya anayeishi Minnesota na mume Myahudi, huenda ni kijana wa Mbale aliyesikia kuna safari ya bure ya kwenda Israeli, huenda ni bibi anayelea wajukuu, ametajiwa ada ya kambi akadhani amesikia vibaya. Maswali yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mimi nilizaliwa Eldoret, nikaolewa Marekani, nikaingia Uyahudi kwa mafundisho na kwa kuzama katika maji ya mikva, na nimejaza fomu za wanangu wawili tangu kambi ya kwanza hadi chuo. Jambo moja nimelishika katika miaka yote hiyo: fedha zipo, ila hakuna anayezipigia mbiu. Huzipata anayeuliza mapema, na anayemuuliza mtu badala ya kungoja tovuti imjibu.

Kwa nini jamii hii ina mifuko mingi hivyo ya kusaidia vijana?

Anza na neno tzedaka. Mswahili analitambua bila mkalimani, maana ni ndugu wa sadaka yetu. Lakini kwa Kiebrania mzizi wake ni haki. Anayetoa anatimiza wajibu wake, wala hamfanyii mtu hisani, na anayepokea hana sababu ya kuinamisha kichwa. Mwanazuoni Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides, aliyezaliwa Kordoba na kufia Misri katika karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13, alipanga ngazi 8 za utoaji. Ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ubia au kazi, ili asihitaji kuomba tena. Kumsomesha kijana kunaingia hapo hapo.

Halafu kuna historia. Mwaka 1892 wahamiaji wa New York walianzisha chama cha kukopeshana bila riba kwa mtaji wa dola 95. Chama hicho, Hebrew Free Loan Society, kinakopesha hadi leo. Atlanta kulikuwa na nyumba ya yatima wa Kiyahudi iliyoanzishwa mwaka 1889. Yatima walipopungua, shirika liligeukia kusomesha vijana, na leo linaitwa JELF. Kisha miaka ya 1920 vyuo vikubwa vya Marekani vikaanza kuwawekea Wayahudi kiwango. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alipendekeza jambo hilo waziwazi. Wazazi waliofungiwa milango namna hiyo walichangishana na kusomeshana wenyewe. Unapoomba leo, unaingia kwenye desturi iliyoanza kabla ya babu zako kuzaliwa, kwa hiyo usiombe kama mtu anayeiba.

Mtoto wangu ana mzazi mmoja tu Myahudi. Anastahili?

Mara nyingi ndiyo, lakini kila mfuko una kipimo chake, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bure.

Kwa sheria ya kale, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia kwa njia inayokubalika. Wayahudi wa matawi ya Orthodoksi na Conservative wanaishika hivyo. Wale wa tawi la Reform, huko Marekani, waliamua mwaka 1983 kwamba mtoto wa baba Myahudi naye anahesabiwa, mradi analelewa katika Uyahudi. Birthright Israel, safari za bure za vijana kwenda Israeli, zinataka mzazi mmoja tu awe Myahudi, baba au mama, au kijana mwenyewe awe ameongoka, na asiwe anafuata dini nyingine. Masa, mpango wa kukaa Israeli miezi kadhaa, inafuata Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia Israeli, ambayo marekebisho yake ya 1970 yanawafikia hata wajukuu wa Myahudi. Kambi nyingi zisizo za Orthodoksi huuliza tu kama nyumbani mnaishi Kiyahudi. Kwa hiyo mtoto anaweza kukataliwa na mfuko mmoja Jumatatu na kupokelewa na mwingine Jumanne, naye ni yule yule.

Nitasema na lile ambalo halimo kwenye fomu. Mwaka wa kwanza nilipompeleka binti yangu kwenye mahojiano, ofisi moja ilimuuliza mara tatu aliingiaje katika Uyahudi, huku watoto weupe waliokuwa mbele yake wakipita bila swali. Alikuwa na miaka 11. Nililia garini, kisha nikarudi ndani nikaomba kuonana na mkubwa wao, na mtoto akapata nafasi. Tangu siku hiyo ninatembea na bahasha: nakala ya hati yangu ya kuongoka, cheti cha ndoa ya Kiyahudi, barua ya rabi. Ninawashauri wazazi weusi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Si haki kwamba tunaihitaji bahasha hiyo kuliko wengine, na ninalisema hilo kila ninapoalikwa kuzungumza na wafadhili. Lakini mtoto asikose kambi wakati sisi wakubwa bado tunabishana.

Kambi ya Kiyahudi ni nini hasa, na kwa nini inachangiwa sana?

Ni kambi ya likizo ya kiangazi ambako watoto hulala wiki moja, tatu, hata saba, msituni au kando ya ziwa. Wanaogelea, wanapiga makasia, wanacheza mpira, na katikati ya hayo wanaishi Kiyahudi mchana na usiku bila kuhubiriwa. Zimeanza zamani. Surprise Lake Camp, huko Cold Spring katika jimbo la New York, ilianzishwa mwaka 1902 ili kuwatoa watoto wa wahamiaji kwenye vyumba vilivyobanana vya Manhattan. Kambi ya kwanza ya Ramah ilifunguliwa Wisconsin mwaka 1947, miaka 2 baada ya vita, wakati Wayahudi wa Marekani walipotambua kwamba wao sasa ndio jamii kubwa kuliko zote na kwamba kazi ya kulea kizazi kijacho imewaangukia.

Mwanangu aliondoka nyumbani akijua baraka mbili za Kiebrania. Alirudi anaongoza sala ndefu ya kushukuru baada ya chakula huku akigonga meza kwa viganja, mpaka glasi za mama mkwe zikaruka. Ijumaa jioni, alinisimulia, kambi nzima huoga, huvaa nyeupe na kushuka ziwani wakiimba kuipokea Sabato. Mtoto aliyekuwa akiona haya kuwa Myahudi mweusi peke yake darasani alikaa mwezi mzima mahali ambapo Uyahudi ulikuwa jambo la kawaida kama mchezo wa mpira. Wanaotoa fedha zao wengi wao walilelewa huko, na wanajua wananunua nini.

Inagharimu kiasi gani, na nianzie wapi?

Kambi nyingi za kulala zinazidi dola 1,000 kwa wiki. Usizimie. Bei hiyo ni ya kuanzia mazungumzo.

Kama ni mara ya kwanza, anza na One Happy Camper, mpango wa Foundation for Jewish Camp, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1998. Wanatoa hadi dola 1,000 kwa mtoto anayekwenda kambi ya Kiyahudi ya kulala kwa mara ya kwanza, na hawaangalii kipato. Kiasi hutegemea siku atakazokaa na eneo mnaloishi, na katika maeneo mengi watoto wanaosoma shule ya Kiyahudi ya kutwa hawamo, maana lengo ni kuwafikia ambao hawana nafasi nyingine. Soma masharti ya eneo lako kabla ya kuahidi mtoto chochote.

Kisha mwandikie mkurugenzi wa kambi yenyewe. Karibu kila kambi ina mfuko wake wa msaada, na hapo ndipo kipato kinapoangaliwa: utaombwa ritani ya kodi ya mwaka uliopita na maelezo mafupi ya hali yenu. Shirikisho la Wayahudi la mji wako, chombo kinachokusanya na kugawa michango ya jamii, ndilo la tatu. Yapo zaidi ya 140 Amerika Kaskazini, na la Boston, la mwaka 1895, ndilo lililotangulia yote.

Na la nne, ambalo wageni hawalijui kabisa: rabi wa sinagogi lako ana mfuko wa hiari. Ni akaunti ndogo ambayo waumini huchangia baada ya harusi, mazishi au bar mitzva, naye huitumia kwa siri kama anavyoona inafaa. Mwombe faraghani dakika 10. Utasema shida yako, atakuuliza kiasi kinachopungua, na hakuna mtu mwingine atakayejua. Mimi mwaka mmoja nilipungukiwa dola 600 wiki mbili kabla ya basi kuondoka. Sikuwahi kuambiwa nani alizitoa.

Sisi si maskini, tuna kazi wote wawili. Tukiomba si tutamnyima anayehitaji zaidi?

Hili huulizwa na Waafrika kuliko watu wote, kwa sababu tumefundishwa kutojianika. Ukweli ni kwamba kambi zinajua familia yenye watoto watatu na mkopo wa nyumba haiwezi kutoa dola 15,000 za kiangazi kimoja. Ndiyo maana kambi kadhaa zina bei za ngazi: kitanda kile kile kina bei mbili au tatu, nawe unachagua unayoiweza bila kuonyesha karatasi yoyote. Anayeweza ya juu anaombwa alipe ya juu. Lipa unachoweza kwa uaminifu, omba kinachopungua, na miaka ikikunyookea mrudishie mwingine.

Kuna gharama ambazo hazitajwi kwenye ada?

Zipo, na huumiza: nauli ya ndege au basi, begi kubwa, mfuko wa kulalia, viatu vya mvua, nguo nyeupe za Sabato, fedha za duka la kambi. Uliza mapema kama mfuko wa msaada unafika kwenye nauli. Wasichana wenye nywele zetu wahitaji kusukwa kabla ya kuondoka, na msusi naye analipwa. Liingize kwenye hesabu.

Na jambo la kodi: nchini Marekani ada ya kambi ya kutwa, kwa mtoto wa chini ya miaka 13, inaweza kuhesabiwa katika nafuu ya kodi ya malezi ikiwa wazazi wanafanya kazi. Ya kambi ya kulala haihesabiwi.

Birthright, RootOne, Masa: tofauti yake ni nini?

Umri na muda ndivyo vinavyozitenganisha.

RootOne ni kwa wanafunzi wa sekondari. Ilizinduliwa mwaka 2020 kwa fedha za mwanzo kutoka Marcus Foundation, na hutoa vocha za hadi dola 3,000 kupunguza bei ya safari za kiangazi za Israeli zinazoendeshwa na vyama vya vijana, kama BBYO, na kambi. Vocha haimalizi gharama. Itabaki sehemu kubwa ya kulipa, na hapo unarudi kwa shirikisho na kwa rabi.

Birthright Israel, kwa Kiebrania Taglit, ni ya watu wazima vijana, kwa kawaida miaka 18 hadi 26. Ilianzishwa mwaka 1999 na matajiri Charles Bronfman na Michael Steinhardt kwa kushirikiana na serikali ya Israeli na jumuiya za Kiyahudi, na tangu hapo imepeleka vijana zaidi ya 800,000. Safari ya kawaida ni siku 10: Yerusalemu, Masada, Bahari ya Chumvi, Tel Aviv, na kwa siku kadhaa vijana wa Kiisraeli wa rika lao, wengi wakiwa askari, husafiri nao kwenye basi moja. Ndege, malazi na sehemu kubwa ya chakula hulipiwa. Utatoa amana tu, nayo hurejeshwa ukitimiza masharti. Hiyo ni zawadi, si mkopo. Kijana aende akiwa na maswali yake yote, hata yale magumu kuhusu Wapalestina na vita, na ayaulize. Nimemwambia hivyo binti yangu, na aliyauliza.

Masa, iliyoanzishwa mwaka 2004 na serikali ya Israeli pamoja na Shirika la Kiyahudi (Jewish Agency), inahusu kukaa miezi: kusoma, kufundisha Kiingereza mashuleni, kufanya kazi ya mafunzo. Inatoa ruzuku, na anayehitaji zaidi anaweza kuomba nyongeza.

Mwanafunzi wa chuo cha Marekani anayepokea Pell, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, asisahau Gilman, ufadhili wa serikali hiyo hiyo kwa wanaokwenda kusoma nje, wa hadi dola 5,000. Huo hauulizi dini, lakini soma orodha ya nchi zinazoruhusiwa mwaka huo.

Na safari za Poland?

Iliyo maarufu ni March of the Living, inayofanyika tangu mwaka 1988. Siku ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya halaiki, maelfu hutembea kilomita 3 kutoka Auschwitz hadi Birkenau, kambi za Wanazi ambako wengi waliuawa. Baada yake makundi mengi huruka hadi Israeli kwa siku ya kuwakumbuka askari na sikukuu ya uhuru. Ni safari ghali, na mashirikisho mengi ya miji huifadhili kwa sababu walioponea hai wanazidi kuwa wachache, na kijana anayetembea leo huenda akawa wa mwisho kuisikia habari hiyo kutoka kinywani mwa aliyeiona.

Binti yangu alikwenda akiwa na miaka 17. Aliporudi alikaa siku mbili bila kusema la maana. Siku ya tatu aliniuliza kama Kenya nasi tulikuwa na kambi wakati wa Mau Mau, nikamweleza habari za kambi ya Hola na za wale waliozungushiwa nyaya. Tulizungumza mpaka usiku wa manane. Mwandae mtoto kabla ya kwenda, na mwachie nafasi akirudi. Usimpangie kazi ya likizo wiki hiyo.

Vita vikitokea je?

Safari husimamishwa au hubadilishwa. Zilisimama wakati wa korona, zikasimama tena baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, na Juni 2025, Israeli na Iran zilipopigana na anga ikafungwa, takriban vijana 1,500 wa Birthright walitolewa kwa meli hadi Saiprasi. Usitumie akiba ya nyumba kwa tikiti isiyorejeshwa, soma kipengele cha kuahirisha, na uliza kwa maandishi kama ufadhili utasogezwa mwaka unaofuata. Kijana akisema anaogopa, asilazimishwe.

Mimi niko Uganda, ni wa Abayudaya. Milango hiyo iko wazi kwangu?

Ndugu yangu wa Mbale, iko wazi kidogo kuliko ilivyokuwa, na bado si vya kutosha. Watu wenu wameshika Uyahudi tangu kiongozi wenu Semei Kakungulu alipoukubali mwaka 1919. Mliushika hata Idi Amin alipoupiga marufuku, jamii ikapungua kufikia watu mia chache. Mwaka 2002 marabi wa Conservative walikuja wakawaongoa rasmi mamia ya watu wenu, na Rabi Gershom Sizomu alisomea Los Angeles akawekwa wakfu mwaka 2008. Agosti 2018 vijana wa Abayudaya wapatao 40 walikwenda Israeli na Birthright, kundi la kwanza la namna hiyo kutoka kwenu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia haijawahi kutokea.

Lakini kukubaliwa na programu si sawa na kupewa viza. Wenye pasipoti za Uganda na Kenya wanahitaji viza kabla ya kupanda ndege, na wapo Wayahudi wa Afrika Mashariki waliozuiwa hata baada ya kualikwa. Safiri kwa kundi na kwa barua ya jamii. Usikubali kwenda peke yako kwa ahadi ya simu. Mfuate kiongozi wenu wa vijana pale Nabugoye, karibu na Mbale, kwanza, kwa sababu wafadhili wa nje humuuliza yeye.

Kuhusu masomo ya nyumbani, shirika la Kulanu la Marekani kwa miaka mingi limekuwa likisaidia shule ya msingi Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu, ambako watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu hukaa dawati moja. Walio Kenya, kwenye jamii ndogo ya Kasuku karibu na Ol Kalou, nanyi msikae kimya. Andikeni kwa mashirika haya haya, mkiweka sahihi ya wazee wenu. Mimi nimekulia kwenye nyanda za Uasin Gishu, ambazo Waingereza walizitoa mwaka 1903 ziwe makao ya Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi, na mkutano wa Wazayuni ukakataa mwaka 1905. Huwa nawaza kwamba tungekuwa majirani wa karibu zaidi. Sasa angalau watoto wetu wakutane.

Chuo: je, kuna ufadhili kwa kuwa Myahudi tu?

Upo, lakini huwa wa eneo. Mfuko wa Chicago haumsaidii wa Texas. Kwa hiyo kabla ya kutafuta nchi nzima, tafuta mji wako, kisha jimbo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jaza FAFSA kwanza, ile fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa chuo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1, kwa sababu karibu kila mfuko wa Kiyahudi unaoangalia kipato utaiomba. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 ruzuku ya Pell ilifika hadi dola 7,395, na hiyo hairudishwi. Baada ya chuo kutoa barua ya msaada, hesabu pengo lililobaki. Pengo hilo ndilo unalolipeleka kwenye mifuko ya Kiyahudi.

Wakazi wa Florida, Georgia, Carolina zote mbili na sehemu kubwa ya Virginia wana JELF, inayokopesha bila riba wanafunzi wa Kiyahudi wenye uhitaji. Miji mingi mikubwa ina vyama vya Hebrew Free Loan. Msomaji wa pwani, Mwislamu au Mkristo, hatashangaa: Torati, katika Kutoka 22, inakataza kumtoza riba ndugu maskini, na watu hawa wamelichukua andiko hilo kama kazi ya ofisini. Utatakiwa kuleta wadhamini wenye kipato, na hapo ndipo wahamiaji hukwama. Anza kuwaandaa wadhamini miezi mitatu kabla: mwajiri wako, jirani wa sinagogi, shemeji. Ukiwa huna hata mmoja, mwambie karani wazi. Baadhi ya vyama hukubali mpango mwingine.

Hillel, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, ipo kwenye vyuo vingi. Mara nyingi haina fedha nyingi za karo, lakini wafanyakazi wake wanajua kila mfuko wa eneo hilo. Chakula cha Ijumaa ni bure, na mtoto aliye mbali na nyumbani atakula ashibe.

Nikipata ufadhili wa nje, chuo hakitapunguza msaada wake?

Kinaweza, na vingi hufanya hivyo. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuvizuia vyuo vyake vya umma, mwaka 2017, na majimbo mengine yamefuata. Kabla ya kukubali fedha, piga simu ofisi ya msaada ya chuo uulize wataanza kupunguza nini. Waombe waondoe mkopo kwanza, ruzuku iwe ya mwisho. Wakikataa, mwulize mfadhili kama anaweza kukulipa muhula ujao au kulipia kompyuta na vitabu.

Sehemu ya ufadhili inayolipa karo, ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi kwa mwanafunzi anayesomea digrii. Inayolipa chumba na chakula hutozwa.

Kwa nini zawadi zao ni za namba za ajabu: dola 180, 1,800, 36,000?

Herufi za Kiebrania ni tarakimu pia. Neno lao la uhai, ndugu wa neno letu "hai", lina thamani ya 18. Kumpa mtu 18 au mafungu yake ni kumtakia maisha. Ndiyo maana tuzo ya Diller Teen Tikkun Olam, kwa vijana wa Kiyahudi wa Marekani wa miaka 13 hadi 19 walioongoza mradi wa kusaidia watu, ni dola 36,000. Nawe ukipeleka shukrani yako ya kwanza, hata iwe dola 18, wataelewa.

Kijana wangu ni hodari sana darasani. Kuna kitu cha juu zaidi?

Mpeleke Bronfman Fellowship. Tangu mwaka 1987 huchagua vijana 26 kila mwaka kutoka Amerika Kaskazini, wa misimamo yote ya Kiyahudi, huwakutanisha kwa masomo ya kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na hulipia kila kitu. Alama peke yake haitoshi. Wanataka kijana anayeweza kubishana kwa heshima usiku kucha na asiyekubaliana naye.

Insha aandike nini?

Aandike kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Nimesoma insha nyingi za vijana wetu zinazoanza na umuhimu wa elimu duniani, na zote zinasahaulika. Iliyopata fedha mwaka juzi ilikuwa ya mvulana aliyeeleza namna nyanya yake Mluhya, asiye Myahudi, alivyojifunza kuoka mkate wa Sabato kwa jiko la makaa, akakataa kutumia mashine kwa sababu alisema unga lazima usikie mkono. Kurasa mbili, mkono wa bibi tu, na ndani yake ulimwona mtoto mzima.

Mzazi asimwandikie. Wasomaji wa kamati wanaitambua sauti ya mama.

Niombe lini?

Kambi: Oktoba hadi Januari, kwani mifuko mingi hugawa kwa anayetangulia. Safari za kiangazi: kabla ya Januari. Chuo: kuanzia Oktoba 1. Na jua kalenda yao. Septemba na Oktoba zina sikukuu za Rosh Hashana, Yom Kippur na Sukoti, ofisi hufungwa siku nyingi. Wakati wa Pasaka vivyo hivyo. Ijumaa mchana usipige simu, hakuna atakayepokea mpaka Jumatatu.

Kuna mtu ameniomba ada ya kushughulikia maombi kwa M-Pesa. Ni kweli?

Si kweli. Mfadhili hakutozi ili akupe. Amana ya Birthright hulipwa ndani ya akaunti yako ya maombi, si kwa namba ya mtu binafsi. Vijana wetu wengi wamenyang'anywa akiba yao hivi, na inaniuma kila mara. Ukiwa na shaka, tafuta namba ya shirika mwenyewe, usitumie ile uliyotumiwa.

Sisi si Wayahudi kabisa. Kuna chochote kwetu?

Ndiyo, bila kudanganya. Hebrew Free Loan Society ya New York hukopesha wakazi wa eneo lake bila kuuliza dini. Shirika la Israeli la ushirikiano, MASHAV, limekuwa likitoa kozi za kilimo na afya kwa Waafrika tangu mwisho wa miaka ya 1950. Lakini usimwandikishe mtoto kuwa Myahudi ili apate kambi. Kuna mtoto mwingine nyuma yake kwenye foleni, na wako atabeba uongo huo akiwa amezungukwa na watoto wanaosali kweli.

Tumekataliwa. Sasa?

Jibu barua ile siku hiyo hiyo. Washukuru, kisha uliza mawili: kuna orodha ya kusubiri, na je, jibu lingekuwa lingine tungeomba kiasi kidogo zaidi? Aprili na Mei familia nyingi hujitoa, fedha zao hurudi mfukoni, na mkurugenzi hutazama barua za waliojibu vizuri. Mwanangu alikataliwa Februari. Simu ilikuja Mei 20, jioni, ninapika ugali, na mkurugenzi aliuliza swali moja tu: saizi yake ya fulana ni ipi?